Shuka Mbele ya Stesheni

4 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima na goti limetulia. Mimi sijambo, ila viganja vimechubuka kwa kamba.

Ile kazi yangu ya sanaa imekamilika. Tumefunga kamba nguzo hadi nguzo katika uwanja wa mbele ya stesheni, tukaanika shuka mia moja na themanini, nyeupe tupu. Wanaoshuka treni asubuhi hawana njia ila kupita katikati yake. Wanaanza na haraka zao, halafu miguu inapoa. Ukisimama upande wa pili unaona vivuli tu: mtu na mkoba, mtu na baiskeli, mtu na mtoto mgongoni, wote wanaelea kama hawagusi chini. Jana bwana mmoja wa suti alipita mara tatu. Nikamwuliza, "Umepoteza kitu?" Akasema, "Hapana. Nimechelewa kazini tu."

Watu wanauliza wazo hili nimelitoa wapi, kwa hiyo nimeweka kibao: "Mama yangu ni dobi wa hospitali. Kwa miaka thelathini na moja amefua shuka za watu asiowajua." Gazeti limekipiga picha. Nakutumia ukurasa wenyewe.

Mwanao

19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, goti lina siku zake.

Habari zako zilitangulia barua. Jirani wa ghorofa ya juu alibisha hodi, gazeti mkononi: "Kumbe dada, wewe si muuguzi?"

Mtaa mzima ulijua mimi ni muuguzi. Natoka na sare nyeupe, narudi na sare nyeupe. Walidhani wenyewe, nami sikuwasahihisha. Wameniletea watoto wenye homa niwaguse paji la uso, nikawagusa, nikawaambia wawapeleke hospitali. Sasa wakiniona ngazini mazungumzo yanakatika.

Shuka umeanika, sawa. Na mimi je, ulinianika kwa kosa gani? Nilikusomesha ili usifue.

Tena kamba zako zimelegea. Nimeziona pichani.

Usiniandikie kwanza.

Mama

25 Machi

Mama,

Shikamoo. Najua umenikataza, lakini hili haliwezi kungoja. Kibao nimekitoa leo asubuhi, nikamkabidhi mlinzi wa uwanja akiweke kibandani mwake. Sikujua, Mama. Nilidhani najivunia kitu ambacho nawe unajivunia. Nisamehe.

Mwanao

6 Mei

Mama,

Shikamoo. Sijui kama barua hizi unazifungua. Hali yako? Goti?

Mvua imenyesha siku nne mfululizo. Magari yamerusha matope, na shuka za pembeni zote zimechafuka. Ofisi ya jiji imesema zikiwa bado chafu mwisho wa mwezi zitashushwa. Nimezipeleka kwenye mashine, maji ya moto kabisa, zimetoka na rangi ya chai. Nina cheti cha sanaa ukutani na sijui kutoa doa. Matope yanatokaje?

Mwanao

12 Mei

Maji ya moto yamelipika doa, ndiyo maana. Matope uyaache yakauke, uyakung'ute kwanza. Kisha maji baridi, uloweke kutwa. Usisugue kwa hasira. Suuza mara tatu, na ya tatu uyaangalie maji, si shuka. Zile ulizokwisha kuzipika anza nazo mapema, hazitaki haraka.

Mama

2 Juni

Mwanangu,

Marahaba ya shikamoo zote ambazo sikuziitikia. U mzima? Unakula?

Alhamisi nilikuja huko. Sikukuambia kwa sababu sikuwa na hakika kama nitashuka treni au nitapitiliza. Nilishuka. Kulikuwa na ukungu, na shuka zako zilikuwa safi. Nimezikagua.

Kamba ya tatu ilikuwa imelegea kweli, nikaikaza. Bwana mmoja akaniuliza, "Mama, hivi hii maana yake nini?" Nikamwambia, "Maana yake bado hazijakauka." Akacheka, halafu akashika upindo wa shuka moja, akaniambia mkewe alilazwa hospitali yetu miezi mitatu kabla ya kufariki, na kila asubuhi walikuta kitanda kimetandikwa shuka safi. Hakuwahi kujua zinatoka wapi.

Nikamwambia, "Zilitoka kwangu."

Ndiyo mara yangu ya kwanza kulisema nje ya lango la hospitali. Yule bwana alinishika mikono miwili. Nikaenda kwa mlinzi nikadai kile kibao. Alinibishia eti mpaka uje wewe. Nikamwonyesha viganja vyangu, akakitoa, nikakirudisha mahali pake.

Baada ya hapo niliingia katikati nikasimama. Miaka yote hii kila nikiona shuka, kuna mtu anaiita kutoka wodini: haraka, haraka. Pale hakuna aliyeita. Upepo ulikuwa unazileta usoni moja baada ya nyingine, baridi, nami sina la kufanya. Nilisimama hadi treni mbili zikaondoka bila mimi.

Jumapili nakuja tena, na jirani wa juu nakuja naye. Ya gazeti ameyasoma, ila wewe usimwambie mimi ni nani. Nitamwambia mwenyewe, tukiwa tunapita.

Mama yako