Nyota Iliyofutwa kwa Raba

Langoni, Lamu
10 Oktoba 1968

Na ndiyo maana, dada yangu Mwanamkisi, nakusihi usiushike msahafu kabla hujaisoma barua hii hadi mwisho.

Lakini nimekosa adabu, sijakusalimu. Hujambo wewe na shemeji? Goti la mama mkwe limepoa? Sisi huku ni wazima, alhamdulillahi, na mimi nimezidi uzima. Wiki ya sita hii tangu arusi, na bado nikimsikia Fadhil akikohoa chumba cha pili moyo wanirukaruka.

Barua yako ilinifikia Jumanne. Waniambia wanawake wa Siyu wanasema nilijipeleka kwa mume, nawe umewaahidi kuapa Ijumaa ya wiki ijayo kwamba yeye ndiye aliyeanza. Nimeisoma mara tatu. Nilikupenda zaidi, kisha nikaogopa.

Wajua kwamba Fadhil aandika kitabu cha chuo kikuu juu ya Kizulu. Asema "mbwa amemuuma mtoto" na "mtoto ameumwa na mbwa" ni sentensi za tumbo moja. Chini kabisa, kabla hazijafika mdomoni, ni kitu kimoja. Kisha kanuni humtanguliza aliyetendwa na kumrudisha nyuma aliyetenda. Wazulu nao wana "w" ya kutendwa kama yetu, ila kwao "luma" huwa "lunywa", kwa kuwa "m" ikikaribiwa na "w" hugeuka. Nilimwambia hata mimi hugeuka akinikaribia. Alicheka mpaka akamwaga wino.

Sentensi za Kizulu alipewa na rafiki yake Mzulu huko chuoni. Za Kiswahili, za kulinganishia, alizitaka kwa mtu aliyesoma, na shangazi yake akanitaja mimi. Basi daftari la sentensi hizo likawa laja kwetu chini ya buibui la shangazi, pamoja na sahani ya visheti. Mimi nazipindua sentensi kwa penseli ziwe za kutendwa, nalirudisha. Baba aliridhia, aliona ni masomo.

Sasa sikiliza, dada. Ukurasa mmoja Fadhil aliandika "Bi Mwana amemuoa Hamid", na mbele yake akachora nyota. Shuleni kwetu nyota ilikuwa tuzo ya kazi njema. Nikawaza, loo, mwanamume huyu anampa nyota mwanamke aoaye! Kichwa kilinizunguka. Siku hiyo nilipomaliza kazi yangu, niliandika chini ya ukurasa, kwa mkono huu huu, "Twahira amemuoa Fadhil". Nikachora nyota kubwa kuliko yake.

Daftari liliporudi, sentensi yangu ilikuwapo, lakini nyota ilikuwa imefutwa kwa raba hata karatasi ikachunika. Nililia siku tatu. Mama alidhani ni meno.

Siku ya nne shangazi alikuja kwa baba na posa. Alipopata nafasi ya kuwa nami peke yangu, alinieleza alivyoambiwa na Fadhil: kwa wasomi wa lugha, nyota huwekwa mbele ya sentensi ambayo hakuna mtu asemaye. Yeye aliifuta yangu kwa sababu aliona sentensi yenyewe yasemeka. Shangazi alicheka mpaka mtandio ukamwanguka, akasema mwezi mzima alikuwa akibeba posa kwapani akidhani anabeba masomo.

Basi hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mimi ndiye niliyeanza. Baba hajui, na kukuficha wewe ndiko kulikoniuma. Nisamehe, wala usiape uongo kwa ajili yangu. Wakikuuliza, waambie tu kwamba Twahira aliposwa kwa baba yake na ameolewa. Yote mawili ni kweli, na Fadhil asema uzuri wa "w" ni kwamba yakuruhusu kumnyamazia aliyetenda.

Kwako wewe sikutaka kunyamaza.

Msalimie shemeji na unibusie watoto. Kizulu changu ni neno moja tu, "ngiyathandwa", yaani napendwa. Kabla Rajab haijatoka tutakuja Siyu, mimi na Fadhil, na daftari nitalibeba mwenyewe, upapase kwa kidole mahali pale palipochunika.

Mdogo wako akupendaye,
Twahira