Gari Jipya Limechinjwa

Omari, usicheke. Gari langu jipya la Braden limekufa pale Themi, mbele ya watu! Gia zimesagika, na bado linanuka rangi.

Nikaenda kwa yule wakala Mzungu aliyeniuzia. Ati, “Pole, mzee. Kiwanda cha Braden kimekufa. Spea hakuna.”

Pole! Mke wangu Soila alipokufa, bwana mkubwa gani alinipa pole? Leo napewa pole ya kiwanda! Wakubwa hawa wametuuzia maiti iliyopakwa rangi.

Tena ananifundisha: “Vunja Braden lako la zamani, uchukue gia.”

Lile la zamani! Lililompeleka Soila kanisani Akheri, matope yote yale!

Nikamwambia, “Bwana, kwetu hatuchinji ng’ombe wa maziwa tumponye ndama.”

Fundi analichinja jipya sasa hivi. Lile la Soila litakula spea zake mpaka nami nizikwe.