Mkanda Ulioutoboa kwa Msumari

Shenzhen, China

Kaka Otmari,

Shikamoo. Nimekuamkia kwa sababu ndivyo tulivyolelewa pale Mchombe, na ukubwa wako haufutiki hata mdogo wako akikasirika. Lakini usitegemee nikuulize umeamkaje na mpunga unaendeleaje. Mimi ni mzima, ila vidole vinanichubuka kwa dawa tunazosafishia mipira ya mikanda. Mama naongea naye kila siku, kwa hiyo habari zake huna haja ya kuniandikia. Na hata ungeniandikia, nisingeziamini.

Natumia karatasi kwa sababu simu zangu hupokei, na ujumbe unausoma halafu unanyamaza. Barua inafikia dukani kwa Redempta, binti wa mama mdogo, pale Ifakara. Yeye ndiye atakayekukabidhi mkononi. Nimemwambia asiondoke mpaka aone umeifungua.

Nianze na saa, maana naona mpaka leo hujaelewa ilikuwa kitu gani.

Mama alipopata kiharusi na mkono wa kulia ukafa, mimi nilikuwa huku tayari, kwenye chumba cha usanifu, nachora mikanda ya saa janja na vifungo vyake. Ukiwaambia watu wa nyumbani wanacheka, wanasema nimesoma miaka yote hiyo nikaishia kwenye mkanda. Sawa. Lakini nilipokuwa nawaza mama anashinda peke yake pale nyumbani, wewe na wifi mnashinda Ifakara kwenye mchele wenu, nilijua kitu pekee ninachoweza kumfanyia kiko mezani kwangu. Zipo saa ambazo mtu akianguka asiinuke, zinapiga simu zenyewe. Tatizo la mama halikuwa saa. Tatizo lilikuwa kuivaa.

Muuguzi alisema mkono uliokufa usibanwe, kwa sababu mkanda ukimkata hatasikia. Kwa hiyo saa ilipaswa kukaa mkono wa kushoto, mkono mzima. Sasa niambie, mtu mwenye mkono mmoja anafungaje mkanda kwenye mkono huohuo? Jaribu hapo ulipo. Tia mkono wa kulia mfukoni, halafu jifunge saa yako kushoto.

Mimi nilijaribu. Nilijifunga mkono wa kulia kiunoni kwa kitambaa, nikashinda hivyo kazini, nakula hivyo, nafungua milango kwa kiwiko. Wenzangu walidhani nimevunjika. Bwana Lin, mkuu wa chumba chetu, aliniambia kwa uso mkavu kwamba watu wa mkono mmoja si soko na nirudi kwenye mikanda ya vijana wa mazoezi. Nikawa nafanya ya vijana saa za kazi, ya mama wakati wa chakula. Mkanda wa kwanza ulifunga vizuri lakini ulibana nywele za mkono. Mwingine ulifunguka nilipopunga mkono. Mwingine ulifunga, nikashindwa kuuvua, ikabidi waukate kwa mkasi, chumba kizima kikicheka.

Uliokubali ulikuwa kama bangili iliyo wazi. Unaingiza mkono, unaukandamiza kwenye paja, ncha mbili zinakutana na kujikamata. Kuuvua, kuna mdomo mdogo pembeni, unaukokota kwenye ukingo wa kiti, unaachia. Hakuna tundu, hakuna kisindano cha kuchokonoa. Niliukata kwa kipimo cha mama, kile kifundo chake chembamba cha mkono, nilichokipima kwa uzi nilipokuja likizo. Hata Bwana Lin alipouvaa aliufunga na kuufungua mara nyingi kama mtoto na swichi ya taa, halafu akasema tutaupeleka madukani.

Nikatuma kifurushi. Wewe ndiye uliyekwenda kukichukua, nikakushukuru. Siku ile ulimshikia mama simu nikamwona akijivalisha mwenyewe. Aliikandamiza kwenye paja, ikalia tik, akanitazama. Aliniambia, "Leonia, leo nimejivika kitu bila kumwita mtu." Ulikuwepo, Otmari. Uliyasikia maneno hayo kwa masikio yako, na bado ulifanya ulichofanya.

Baada ya hapo kila nikipiga kumwona, saa haipo mkononi. Ameivua anaoga. Imewekwa kwenye chaji. Anaogopa isimwagikiwe maji ya mchele. Yote hayo wewe ndiye uliyekuwa ukinijibu, mama yuko nyuma yako kimya. Lakini simu yangu huku ilikuwa inanionyesha mapigo ya moyo ya aliyeivaa, na siku nyingine yalikuwa yanakwenda mbio jioni mpaka nikaogopa. Nilikupigia kukuuliza. Ukaniambia, "Anafukuza kuku tu, usiwe na wasiwasi." Kumbe ni wewe uwanjani unacheza mpira. Nilikuwa namwombea mama usiku na mchana kwa sababu ya moyo wako wewe.

Halafu masika yakaingia, na mama akateleza nyuma ya jiko akienda kuchukua kuni. Alilala kwenye tope tangu asubuhi. Aliita mpaka sauti ikakauka, mvua inapiga mabati, nani amsikie. Mama Salima, jirani yetu, alipita alasiri kuomba majani ya maboga, akaona kanga kwenye tope akadhani imeanguka kutoka kwenye kamba ya nguo. Alipoinama kuiokota akakuta ni mama. Nyonga imevunjika, midomo ya bluu kwa baridi. Na saa iliyotengenezwa kwa ajili ya asubuhi hiyo iko Ifakara, mkononi kwako, inakuonyesha habari za mpira.

Hilo peke yake lingenitosha kukuchukia. Ila wewe uliongeza.

Ulinipigia kutoka hospitali, mimi nalia, nakuuliza saa ilikuwa wapi. Ukajibu, na sauti yako naisikia hadi leo: "Alikuwa ameivaa. Saa yako mbovu, haikupiga."

Nikakuamini. Unajua hiyo ilimaanisha nini kwangu? Nilikwenda kwa Bwana Lin nikamwambia kifungo changu hakifai, kimemwangusha mama yangu mwenyewe, kisitoke kiwandani. Akasimamisha kazi. Watu waliokwisha kuandaa vyuma vya kumiminia mpira wa mkanda walivikusanya kwenye masanduku wakaviondoa, hakuna aliyenitazama usoni. Nikawa nakaa mezani na mkanda kama ule naugonga, nauloweka, naupaka tope nililolikoroga mwenyewe, natafuta mahali ulipokosea. Nilikuwa siwezi kula. Kila nikifumba macho namwona mama yuko chini anaitazama saa yangu na saa yangu imenyamaza.

Ukazidi kujiamini ukampa Redempta ile saa aniletee niitengeneze, safari aliyokuja huku kununua nguo za duka lake. Sijui ulidhani mimi huku nafanya kazi gani. Niliitoa kwenye mfuko, sikuhitaji hata kuiwasha. Mkanda uliotoka kwangu bila tundu hata moja ulikuwa umetobolewa kwa msumari wa moto. Pembeni ya matundu mpira umeungua na kusinyaa. Ncha hazifikiani tena, umeziunga kwa waya ili uzunguke mkono mnene. Ule mdomo wa kufungulia umekatwa kabisa, nadhani ulikuwa unakukwaruza. Waya ule ulifungwa kwa mikono miwili, Otmari. Mama asingeweza kuufunga mpaka kesho.

Niliuweka mezani nikampigia Mama Salima. Masikini alishangaa kwa nini nauliza. "Si ulimpa kaka yako?" akasema. "Sisi wote tulijua ni zawadi yake. Alikuja nayo mpaka kwenye maulidi ya mwanangu, anatuonyesha."

Kisha nikakupigia wewe. Hukukana, hilo nakupa. Ulisema, "Nitembee mjini bila hata saa mkononi, mtu mzima na biashara yangu, halafu mama amekaa ndani na saa ya kisasa? Mama anakwenda wapi na saa, Leonia?"

Nikakuambia anakwenda kuchukua kuni.

Ukakata simu, na hujapokea tena.

Mama nilipomuuliza alikutetea. Alisema alikuazima mwenyewe siku ya harusi kule Michenga, na uliporudi akaona umependeza nayo, akaona haya kuidai. Anaona haya kukudai kitu chake. Nilimuuliza, "Na ulipokuwa pale chini, mama?" Akasema, "Nilikuwa namwomba Mungu kaka yako asiwe amepata ajali, maana alikuwa amechelewa." Sijakuandikia haya ili ulie. Nimekuandikia kwa sababu mimi siwezi kuyabeba peke yangu, na si mzigo wangu.

Nilimwonyesha Bwana Lin mkanda wako. Aliugeuzageuza akasema kifungo hakina kosa, vyuma vikarudishwa, kazi inaendelea. Lakini wakaibuka na wazo jingine. Kijana mmoja wa chumba chetu alipendekeza tutengeneze kifungo chenye kufuli, ambacho wazee hawawezi kuvua wala kuvuliwa mpaka mtu aruhusu kwa simu. Wote waligeuka kunitazama mimi, wanajua habari za mama. Nakiri nilitamani. Siku nzima nilitamani. Ningemfunga saa mama na funguo nikae nazo mimi huku, usingeigusa hata kwa msumari. Kisha nikamkumbuka anavyosema amejivika bila kumwita mtu, nikawaambia kitu unachofungwa mkononi usichoweza kukivua mwenyewe kina jina tayari, kinaitwa pingu. Mama yangu hajaiba kitu. Mwizi yuko mwingine.

Kwa hiyo hakuna kufuli. Badala yake mama amehamia Mang'ula kwa mama mdogo. Nisikilize vizuri hapa, maana nasikia unasema kwa watu kwamba nimekunyang'anya mama. Yeye ndiye aliyechagua. Alipotoka hospitali Redempta alimuuliza anataka kupelekwa wapi, akasema, "Kwa mdogo wangu, kuna watu nyumbani mchana." Hakusema neno baya juu yako. Wewe baki kwenye nyumba, baki na shamba, sina haja navyo. Lakini usiende kumchukua kwa kisingizio kwamba mtoto wa kiume ndiye anayekaa na mzazi. Ulikaa naye, tukaona.

Saa nyingine Redempta aliibeba aliporudi, na mkanda mpya kwa kipimo kilekile. Safari hii nimewaambia watu wote wa nyumba ile, hadi watoto, ni ya nani na ni ya nini.

Juzi nikiwa natoka kazini simu yangu ikalia, na sauti ya saa ikasema mvaaji ameanguka. Nikakaa kwenye ngazi watu wanapita. Nikasikia vurugu upande wa pili, mama mdogo anakuja mbio anaita, halafu mama, mzima kabisa, anasema, "Sijaanguka jamani, nimejitupa kwenye kiti tu." Mama mdogo akacheka mpaka akakohoa. Mimi nilishindwa kucheka. Nilimwambia mama, "Kumbe inapiga." Akasema, "Inapiga, mwanangu. Ilikuwa inapiga siku zote."

Msalimie Mama Salima, jirani aliyemwona mama yetu kwenye tope kabla yako. Mwambie namshukuru na kanga nimempa Redempta amletee. Msalimie wifi, mkeo, ambaye najua alikuambia uirudishe ile saa, maana mama amenieleza. Msalimie katekista aliyemsindikiza mama hospitali wewe ulipokuwa hupatikani.

Nilitaka kuishia hapo. Lakini siku ile ile, baada ya kelele kutulia, mama aliniuliza jambo akaniagiza nikufikishie, na maagizo ya mama siyakati. Aliuliza kama unakula, kwa kuwa wifi yuko kwao kujifungua na wewe kupika hujui. Nikamjibu kwamba sijui, na sikudanganya. Akasema, "Basi muulize."

Nimekuuliza. Jibu usiniletee mimi. Treni inasimama Mang'ula, na mama mchana wote amekaa barazani.

Mdogo wako kwa kuzaliwa,
Leonia