Kichwa Kiko Wapi, Orosia?

Neuquén, Argentina
9 Oktoba 1996

Baba mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku upande wa pili wa dunia. Mimi ni mzima, nakula, nalala, sijapotea. Wewe hujambo? Goti linasemaje na baridi inayoanza huko Sarrión? Canela na Tizón wanabweka vizuri? Wape makombo waambie yametoka kwangu.

Stendi ya Teruel hukunipungia mkono, nilikuona. Nilisikia pia ulilosema: kama nataka kuchimba, nyumbani tuna mialoni yenye trufa chini yake, uyoga ambao watu wa Paris wanautafuta kama dhahabu, kwa nini nivuke bahari kuchimba mifupa ya wanyama ambao hata Adamu hakuwajua? Baba, sitabishana nawe kwenye karatasi. Ufadhili nilioupata ni wa miezi sita tu, hadi mwisho wa Machi. Tulioomba tulikuwa wengi, wakanichagua mimi. Mimi, binti wa Fermín Lahoz! Bado naamka asubuhi nacheka peke yangu.

Mkuu wetu hapa makumbusho ni Daktari Nilda Barrionuevo. Ni mfupi, ana sauti ya kuita ng'ombe walio kilima cha pili. Alinikumbatia, akanipa koti jeupe, akanionyesha masanduku yaliyojaa vipande vya mifupa. "Haya binti, gundi hiyo hapo." Basi naunganisha vipande. Porini wanakochimba bado sijaenda.

Tena hapa wananiita Mgalisia. Kwao kila Mhispania ni Mgalisia. Nimewaambia natoka Teruel, mbali kabisa na Galisia. Ezequiel, mwanafunzi mwenzangu, akasema, "Sawa, tumekuelewa. Mgalisia wa Teruel."

Nijibu, hata kwa mistari miwili.

Mwanao,
Orosia


Sarrión
24 Novemba 1996

Orosia,

Barua nimeipata. Mimi ni mzima. Goti ni lilelile. Mbwa hawajambo, Tizón amenenepa kwa sababu hakuna wa kumkimbiza.

Yaani umesoma miaka yote ile, ukapanda ndege, ili ukabandike vigae? Hapa Eladia amevunja sahani nne baani kwake wiki hii, ungebandika hizo. Leoncio wa karakana ananiuliza kila jioni, "Fermín, binti yako ameshachimbua joka?" Namwambia bado anatafuta gundi. Baa nzima inacheka. Nami nacheka, nifanyeje.

Msimu wa trufa umeanza vibaya, mvua ilichelewa.

Kula nyama. Na kama hawakupeleki porini, waambie wakupeleke. Sikukulea kukaa pembeni ukisubiri kuitwa.

Baba yako,
Fermín


Kambini, kaskazini ya Neuquén
12 Januari 1997

Baba! Baba yangu!

Salamu kwanza, nisije nikaonekana sina adabu. Hujambo? Goti hujambo? Heri ya mwaka mpya. Mimi ni mzima kupita kiasi, pua imebabuka kwa jua, midomo imepasuka kwa upepo, na sijawahi kuwa na furaha namna hii tangu nizaliwe.

Nilifanya ulivyosema. Niliingia ofisini kwa Daktari Nilda nikamwambia, "Daktari, sikuja kubandika tu." Akanitazama juu ya miwani. "Nilikuwa nangoja useme. Gari linaondoka Jumatatu. Una buti?"

Sasa sikiliza. Siku ya tano kambini nilipewa kipande cha mteremko ambacho hakuna aliyekitaka, kwa kuwa hakina kivuli hata kidogo. Nikawa nafagia vumbi kwa brashi. Nikaona rangi nyingine kwenye mwamba, kahawia, kama ganda la mkate wa jana. Nikafagia. Rangi ikaendelea. Nikafagia tena, ikaendelea, baba, ikaendelea. Ilikuwa pingili moja ya shingo, kubwa kuliko tangi la mafuta la trekta lako! Nilipiga kelele. Daktari Nilda alikuja mbio na kofia ikaruka na upepo, wala hakugeuka kuitafuta. Alipiga magoti, akalamba kidole, akagusa, akasema taratibu, "Mgalisia, umeokota shingo."

Ni ya dinosaria, wanyama wa zamani mno, wale wa shingo ndefu waliokula majani ya juu ya miti. Pingili zimepangana moja nyuma ya nyingine kama alivyolala siku aliyokufa. Tumeshafunua tano na shingo inaendelea kuingia mwambani.

Na hapa ndipo penye mambo. Wanyama hawa miili yao hupatikana, vichwa havipatikani. Kichwa chao ni kidogo, chepesi, kimeshikwa na shingo kidogo tu. Mnyama akifa, maji yanakichukua. Duniani kote wenye kichwa cha aina hii wanahesabika. Kila mtu kambini ana swali moja, hata mpishi akituletea mbuzi wa kuchoma huuliza kabla hajatua sinia: kichwa kipo?

Lazima nimalize, gari la maji linaondoka na barua.

Mwanao mwenye vumbi mpaka masikioni,
Orosia


Sarrión
30 Januari 1997

Orosia mwanangu,

Salamu. Mimi ni mzima, goti sijui, sijaliuliza.

Barua yako niliisoma baani. Nilikusudia kusoma mstari mmoja tu kumnyamazisha Leoncio. Nikasoma wa pili. Eladia akazima televisheni, na mpira ulikuwa unachezwa! Nilipofika pale pa kofia kuruka, kasisi aliacha karata zake. Nilipomaliza walisema soma tena.

Sasa mji umegawanyika. Leoncio anasema kichwa hakipo, maji yalikibeba zamani. Mimi nasema kipo. Eladia yuko nami. Kasisi anasema ataomba lakini hatachagua upande. Atakayeshindwa atachoma mwanakondoo mzima na kutulisha sote.

Kwa hiyo niambie ukweli. Pingili zinazidi kuwa ndogo au bado ni zilezile? Mwamba ni mgumu au unavunjika? Mnachimba kwa kifaa gani, patasi? Usiharakishe patasi. Mimi nikifika karibu na trufa naweka chini kila kitu, nachimba kwa vidole. Uliona tangu mdogo.

Andika haraka. Kichwa kiko wapi, Orosia?

Baba yako,
Fermín


Kambini
16 Februari 1997

Baba mpendwa,

Hujambo? Huku hatujambo, ila nyuso zetu zimekuwa ndefu.

Nakujibu moja moja. Ndiyo, pingili zinazidi kuwa ndogo, maana yake tunaelekea kichwani. Mwamba ni mgumu sana, na mbele zaidi umejaa nyufa. Patasi tunatumia, nyundo ndogo na sindano pia. Na vidole, baba, kama wewe.

Lakini shingo inaelekea ukingoni. Kule mbele mlima umekatika, chini ni korongo. Kila pingili tunayofunua inatusogeza kwenye ukingo. Ikiwa kichwa kilikuwa upande ule, basi kimeanguka korongoni miaka mingi na kusagika. Ezequiel ameshuka na kamba, amepekua mawe siku nzima, amerudi na mikwaruzo mitupu.

La pili ni ufadhili wangu. Niliomba waniongezee muda, sijapata jibu. Mwisho wa Machi nitatakiwa kupanda ndege. Daktari Nilda anasema muda usipotosha tutaifunika shingo kwa plasta na kuiacha hadi msimu ujao. Msimu ujao mimi nitakuwa chuoni Zaragoza nikisoma habari zake gazetini, na atakayeimaliza ni mwingine. Jana alinikuta nimekaa peke yangu juu ya jiwe. Alikaa kando yangu, akanipa yerba, chai yao chungu ya majani. Tulinyonya kwa mrija mmoja mpaka maji yakapoa.

Usimwambie Leoncio habari ya ukingo.

Mwanao,
Orosia


Kambini
14 Machi 1997

Baba,

Mbona kimya? Mwezi unakwisha sijapata neno lako. Nilimtuma dereva apige simu nyumbani kutoka mjini, hakuna aliyepokea. Unaumwa? Umeanguka? Kama umeanguka na umewakataza watu wasiniambie, nitakukasirikia mpaka uzeeni.

Ya huku ni mabaya. Leo mchana tumefika ukingoni. Pingili ya mwisho iko pale, baada yake ni upepo. Daktari Nilda alikaa chini akavua glavu. Ezequiel alitupa brashi yake mbali, kisha akaenda kuiokota kwa aibu. Mpishi hakuuliza kitu. Kesho tunaanza kuchanganya plasta.

15 Machi

Baba, naendelea na karatasi hiihii kwa sababu hutaamini!

Asubuhi, wenzangu wakichanganya plasta, nilirudi kuiaga ile pingili ya mwisho. Nilijilaza kifudifudi nikaifuta vumbi. Nikaiona. Haikuwa imevunjika! Kama nyingine zilizofuata zingekuwa zimeporomoka, hii nayo ingekuwa imemeguka, lakini ilikuwa nzima, tena imegeuka. Uso wake wa mbele haukutazama korongo, ulitazama mlimani. Nikakumbuka ndege aliyekaukia juani: shingo hujikunja ikarudi mgongoni. Shingo yetu imefika ukingoni ikapiga kona, baba! Imerudi ndani!

Niliita, upepo ukaibeba sauti. Nikaita tena. Daktari Nilda akaja na plasta mpaka kwenye viwiko. Nikamwonyesha kwa kidole tu. Akajilaza kando yangu, akaipapasa. Akasema, "Mwageni hiyo plasta."

Tumechimba hadi jua likazama na pingili nyingine imetokea, inaelekea ndani, ndogo kama ngumi mbili. Lakini mwamba wa hapo ni jiwe tupu, utahitaji wiki nyingi, na mimi nina siku chache.

Nijibu, tafadhali. Niambie tu uko hai.

Mwanao,
Orosia


Zaragoza
20 Machi 1997

Orosia mwanangu,

Salamu kutoka nyumba ya wageni karibu na stendi, chumba kina kitanda kigumu na picha ya farasi. Mimi ni mzima. Usishtuke kuona Zaragoza hapo juu.

Nilipopata barua yako ya ukingo na ya ufadhili sikukujibu. Nilifunga mbwa kwa Eladia, nikavaa koti la harusi ya dada yako, nikaja moja kwa moja ofisi ya ufadhili. Kuna mama pale, Bi. Maite Ansó, mwenye kazi ya kuwaambia watu wangoje.

"Mzee, wewe nani wake?"

"Baba yake."

"Maombi huyafuatilia mtafiti mwenyewe."

"Mtafiti mwenyewe yuko juu ya mwamba na shingo ya mnyama mkononi. Nikuitie?"

Akanusa hewa. "Samahani, ni kitu gani kinanukia hivi?"

"Ni mimi, mama. Mkulima wa trufa hata akioga."

Akacheka, na akishacheka mtu, mlango umefunguka. Akatafuta, akanieleza: maombi yako yapo na yanapendwa, ila barua ya mwenyeji wako wa Argentina haikufika, labda ilipotea njiani, na kamati inakutana Alhamisi. Bila barua hiyo hawawezi hata kuyasoma.

Nikaenda kibanda cha simu. Nilipiga makumbusho ya Neuquén nikipiga kelele kama mtu anayezama. Msichana wa huko akadhani namtukana. Mwisho akaelewa, akasema Daktari yuko kambini, atamtumia ujumbe kwa redio aidhinishe barua nyingine itumwe kwa faksi. Nikarudi kukaa kwenye benchi la Bi. Maite. Nilikaa siku hiyo, nikakaa na kesho yake, akawa ananiletea kahawa. Leo Alhamisi asubuhi faksi ikalia. Alikimbia nayo ghorofani, viatu mkononi!

Wamekuongezea miezi mitatu, Orosia. Hadi mwisho wa Juni. Telegramu inakuja, lakini nilitaka uisikie kwangu.

Mimi ndiye niliyetaka ubaki nyumbani. Sasa nakwambia usirudi. Kichwa kiwepo kisiwepo, maliza kazi uliyoianza.

Baba yako,
Fermín


Neuquén
13 Aprili 1997

Baba,

Hujambo, baba?

Telegramu na barua yako vilifika siku moja. Nilisoma habari ya benchi nikicheka na kulia, Daktari Nilda akaninyang'anya akasoma kwa sauti kambi nzima. Sasa wanakuita "Mzee wa Benchi". Alisema ujumbe wa redio ulimfikia akiwa na mkate mdomoni, akaitika "ndiyo" kabla hajaumeza.

Kipo.

Tulifuata pingili ndani ya mlima, zikawa ndogo, zikawa kama vikombe. Jumanne iliyopita Daktari Nilda aliweka sindano chini, akasogea kando. "Pingili ya kwanza uliifunua wewe," akaniambia. "Endelea." Nikaweka kila kitu chini, nikatoa vumbi kwa vidole. Yakaja meno, baba. Safu ya meno membamba kama penseli, yamekaa pamoja kama mtu anayetaka kusema jambo. Kisha taya. Kisha tundu la jicho, mchanga umelijaza. Ezequiel alivua kofia. Nililala pale na uso wangu karibu na ule uso, nikawaza kwamba hakuna jicho la mtu lililowahi kuuona, langu ni la kwanza, na nikatamani la pili liwe lako.

Tumekileta mjini ndani ya plasta, nilikipakata njia nzima kama mtoto. Sasa kiko mezani kwangu, nakisafisha taratibu mpaka Juni.

Mwanao,
Orosia


Sarrión
29 Aprili 1997

Orosia mwanangu,

Salamu nyingi. Sote hatujambo hapa, na Leoncio anachoma mwanakondoo Jumapili. Analalamika, lakini amenunua mkubwa kuliko tulivyopatana, na amemwambia kila mteja wa karakana kwamba anakufahamu tangu ukiwa mchanga.

Msimu umekwisha na mialoni inaweza kujilinda. Nimekata tiketi. Sijawahi kupanda ndege, dada yako ananifundisha mkanda unafungwaje kwa kutumia kiti cha jikoni. Nitafika Neuquén asubuhi ya tarehe 22 Mei kwa basi kutoka Buenos Aires.

Nina ombi moja. Usije stendi kunipokea. Mtume yule Ezequiel, nitamjua kwa mikwaruzo. Wewe baki kazini. Nimekuona ukisoma, ukifunga mizigo, ukiondoka. Ukifanya kazi yako sijakuona hata siku moja. Nataka niingie polepole, nikukute umeinama mezani na brashi yako, hujui kama nimefika. Nisimame hapo mlangoni kidogo, nikutazame.

Nikishiba, nitakuita.

Baba yako,
Fermín