Majani ya Uwanja wa Mbele

Jumatatu, 6 Novemba 1978

Mvua tena. Majani ya uwanja wa mbele yamefika magotini. Asubuhi amepita mjumbe wa mtaa: Jumamosi, kwenye salongo, ile kazi ya lazima ya usafi, wakubwa watakagua parcelle moja moja, kila kiwanja, kwa ajili ya sherehe za taifa za tarehe 24. Wakikuta majani marefu, mwenye parcelle anafungwa amigo, mahabusu ya mtaa, siku tano. "Hata wewe, Papa Inspecteur. Si miye nilitunga sheria."

Mimi na mke wangu Agathe tunakaa nyumba ndogo ya nyuma, iliyoshikana ukuta na ya mbele. Ile kubwa ya mbele nimempangisha Désiré, fundi wa uwanja wa ndege kule Bangboka, na mkewe Nyota. Kwa hiyo swali ni la darasa la pili: nani akate? Nimefungua mkataba, niliouandika mwenyewe. Paa limo. Choo kimo. Rangi ya kuta imo. Majani — hakuna neno! Miaka thelathini nimesahihisha walimu kwa wino mwekundu, na hili limenipita.

Siku tano. Nani atamgeuza Agathe kitandani?

Jumanne, 7 Novemba

Nimemwomba Désiré. Ni kijana wa heshima, alivua kofia. Kukata si kitu, alisema. "Lakini, Papa, Mama iko mugonjwa. Watu watasema nini?"

Watasema nini, najua. Niandike wazi: hapa mtaani, nyumba ikiwa na mgonjwa wa kulala, uwanja wake haukatwi. Hukatwa mtu akishakufa, ili viti vya matanga vipate nafasi. Kukata mapema ni kumwambia mgonjwa kwamba anangojwa.

Bila shaka ni imani tu. Majani huleta mbu na nyoka, nimelifundisha hilo katika shule nyingi. Nikamweleza Désiré, kwa kirefu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza taratibu: "Alors, Papa, mbona wewe hukukata tangu mwezi wa tisa, Mama alipolala?"



Jumatano, 8 Novemba

Nimepata kibarua kutoka ng'ambo ya mto, Lubunga. Mtu asiyetujua. Alifika na coupe-coupe yake, lile panga la majani, akapima uwanja kwa macho, akakunja suruali. Ndipo Agathe akakohoa dirishani. Kikohozi kile kirefu. Kibarua akashusha suruali, akatia chuma begani, akaenda zake. Hata kuaga hakuaga.

Alhamisi, 9 Novemba

Ukuta kati ya nyumba hizi ni mwembamba. Nyota alikuwa anasema: mwanaume gani wewe, muzee aende amigo juu ya majani? Désiré: "Na Mama akikufa kesho? Watasema ni mimi niliita kifo!"

"Bon. Leta coupe-coupe, nikate miye."

"Mwanamuke akate pelouse? Watatucheka mpaka Bafwasende!"

Sufuria ikaanguka, au ilitupwa. Jioni Nyota ametuletea pondu, mboga ya majani ya muhogo, kama kila siku. Hakunitazama usoni. Agathe amekula vijiko vitatu.

Ijumaa, 10 Novemba

Agathe ameniita. Kumbe alisikia yote! "Wiki nzima munaongea majani chini ya dirisha langu. Miye iko mugonjwa wa kifua, muzee, si wa masikio."

Akatoa uamuzi, kwa vipande, akipumzika kati ya kila kipande. Désiré atakata. Yeye mgonjwa atakaa barazani kwa nyumba ya mbele, amevaa liputa lake jekundu la kitenge, barabara nzima imwone. "Na mutu akileta kiti cha matanga, nitakikalia mwenyewe."

Nikamkumbusha kwamba daktari amekataza asitikiswe. Nikaanza kueleza sababu za daktari. Akanikatiza: huko amigo kuna godoro?

Désiré amekubali, ila kwa sharti moja: Mama abaki macho mpaka jani la mwisho.

Jumamosi, 11 Novemba

Saa mbili asubuhi. Tumembeba, Désiré na mimi. Ni mwepesi. Nilikuwa sitaki kujua ni mwepesi kiasi hiki.

Saa tatu. Naandika nikiwa barazani, nimekaa kando yake, ili asinione namtazama. Désiré ameanzia kwenye lango. Mara tu chuma kilipolia, Colette wa ng'ambo ya barabara akatoka mbio, liputa amelifunga kiunoni, kilio tayari mdomoni. Akamwona Agathe ameketi. Akasimama hapo hapo!

"Colette," Agathe akamwambia, "machozi yako iko na haraka sana. Yaweke kwanza."

Watu barabarani wakacheka. Colette naye akacheka, kisha akalia kweli. Agathe amesalimu kila anayepita, kwa jina. Hata mjumbe.

Saa nne kasorobo. Nusu imekatwa. Firimbi ya wakaguzi iko barabara ya pili. Agathe amefumba macho. Amechoka, nimewaambia, anapumzika tu. Kichwa chake kimelala kwenye mkono wangu wa kushoto. Pumzi — ipo. Ndogo.

Désiré ameona. Amesimama katikati ya uwanja. Nimemwashiria aendelee. Ametikisa kichwa. Nimemwashiria tena. Ameweka coupe-coupe chini, kwenye mstari ule ule alipofika, na amevua kofia. Nyota anamfokea aivae tena, hakuna aliyekufa!

Firimbi sasa iko kwa Colette. Bado nusu. Lazima nisimame, nikate mwenyewe. Lakini mkono wangu uko chini ya kichwa chake. Nikiutoa ataamka. Au hataamka.