Banda Linalopitisha Upepo

Kinondoni,
Dar es Salaam.
Jumapili, 20 Juni, 1954.

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, mguu umeacha kukusumbua, na migomba iliyoangushwa na ule upepo imeanza kuchipua tena. Sisi huku hatujambo. Kikohozi cha Kaka Gaspar kimekwisha na anakwenda kazini kila siku. Mimi nafundisha darasa la pili, watoto arobaini na wawili, na jioni sauti hunikauka kabisa, lakini nafurahi kuliko nilivyotegemea.

Katika barua yako uliuliza mambo mawili: kuku ulionikabidhi wamefikia wapi, na mkweo Jovina anaendeleaje. Najua la pili ndilo linalokukosesha usingizi. Mimba mbili zimemtoka, zote zilipofika mwezi wa sita, nawe uliandika waziwazi kwamba hii ya tatu ikienda nayo, utamwambia Kaka amrudishe kwao. Barua ile Kaka aliisoma kwa sauti, Mama, na Jovina alikuwa amesimama mlangoni. Nitakujibu yote mawili. Ila niruhusu nianze na kuku, kwanza kwa sababu nimejaa furaha yao hadi siwezi kungoja, na pili kwa sababu habari zao na za Jovina zimeshikana.

Unakumbuka tulivyosafiri nao Desemba, kuku wanane na jogoo katika tenga moja, melini mpaka Mwanza na kisha katika gari moshi. Walifika wote wazima. Nikawajengea banda kama ulivyonielekeza, neno kwa neno: kuta za kukandikwa udongo, paa la nyasi nene, mlango mdogo wa kuinamia, bila dirisha, ili baridi na mvua visiwaguse. Nililisiliba mwenyewe mpaka nikaona fahari. Kwetu banda lile lingesifiwa.

Huku lilikuwa kaburi. Kufikia mwisho wa Januari kuku wawili walikuwa wamekufa, na sita waliobaki walishinda wameachama midomo na kutanua mabawa kama watu waliovua koti. Kutaga waliacha. Mmoja tu ndiye aliyeendelea, naye alikuwa akiruka ua na kwenda kutaga uani kwa jirani yetu, Bi Wahiba, mjane wa Kiarabu ambaye mwanawe ana duka hapa mtaani. Bi Wahiba akaja kulirudisha yai, akainama kuchungulia ndani ya banda, akarudi nyuma anajipepea kwa ukingo wa buibui. Akaniuliza, “Mwanangu weye, hili banda ama tanuri? Mmewafuga au mnawaoka?” Halafu akacheka mpaka akakaa chini. Niliona haya, nikataka kumjibu kwamba mama yangu amefuga kuku tangu hajazaliwa yeye, lakini kuku mwenyewe alikuwa miguuni pangu anahema.

Usiku ule niliwaza sana. Unanijua, jambo likinishika haliniachi. Kosa halikuwa lako, wala la banda. Banda lile lilikuwa jibu sahihi la swali la Bukoba, nami nililileta pwani bila kuuliza swali la hapa. Kesho yake, siku ya Jumamosi, nilichukua kigoda na daftari nikakaa uani tangu asubuhi. Niliandika jua linapoingia na linapotokea, upepo unapopitia, kuku gani anakwenda kivuli gani na saa ngapi. Jovina alinipitia na ndoo akasema nimeanza kuwasahihisha kuku madaftari. Lakini hadi Jumatatu nilikuwa na ramani, Mama, imepigwa kwa rula.

Fundi tuliyempata ni Mzee Nassibu, Mzaramo, bingwa wa makuti. Alipoiona ile karatasi aliigeuza juu chini mara mbili. Akasema, “Mie nawajengea watu nyumba mwaka wa ishirini huu, hajatokea wa kunipa ramani. Leo kuku ndio wana ramani.” Hata hivyo alikubali, akidai kwamba nisimsimamie. Nilimsimamia.

Sasa sikiliza lilivyo. Limeinuliwa juu ya boriti sita, kimo cha goti, hata hewa inapita chini yake na unyevu wa masika haukulifikia. Kuta ni fito zilizofungwa kwa kamba, na kati ya ufito na ufito vidole viwili vinapita lakini cheche, yule mla vifaranga, hapiti. Ubavu mrefu nimeuelekeza unakotoka upepo, na ncha nyembamba ndizo zinazotazama mawio na machweo, basi jua halipati pa kuingilia. Makuti yameshuka chini sana kama kofia iliyovutwa machoni. Nje, chini ya ukingo wa makuti, ndipo penye chungu cha maji, kwa kuwa ndani walikuwa wanayamwaga na kuozesha nyasi. Pembeni nimeweka beseni bovu lenye majivu wapate kujigaragaza, na utitiri umekwisha kabisa.

Viota nilivitengeneza kwa makasha ya mafuta ya taa, na hapo ndipo nilipokosea, nami nakueleza ili ucheke. Niliona kuku ni kiumbe mwenye adabu, nikampa heshima ya juu: makasha nikayatundika karibu na paa, na fito nene za kulalia nikaziweka chini yake. Usiku wa kwanza wote walipanda wakalala ndani ya makasha, wamebanana kama abiria, na asubuhi viota vyote vilikuwa vyoo. Mzee Nassibu aliitwa tena. Alikuja bila kunung’unika, furaha ikionekana wazi usoni mwake. Aliniambia kuku hulala mahali pa juu kuliko pote anapopaona, na kwamba jambo hilo hata mtoto wake wa miaka mitano analijua, ila labda shuleni halifundishwi. Tukageuza: fito juu, viota chini penye giza, kila kiota na kidirisha cha nje ambacho mtu anafungua na kuchukua yai bila kuingia bandani. Upande wa mwisho nikautenga kwa ukuta wa fito uwe chumba cha anayeatamia, ili wenzake wasimsumbue.

Machi ilipoanza walitaga. Mama, sijui nikuambieje. Nilifungua kidirisha cha kwanza nikakuta yai, bado lina joto, nikafungua cha pili nikakuta lingine, na nikajikuta naimba peke yangu uani kama mwehu. Kuna mambo niliyoyasoma miaka kumi darasani bila kuyashika mkononi. Hili nimelishika. Leo wako kumi na wanane pamoja na vifaranga, na Bi Wahiba amemtuma Mzee Nassibu amjengee lake, kwa ramani yangu.

Kaka naye alifurahi, maana kila asubuhi alipata yai lake la kukaanga kabla ya kwenda kazini. Ila kufika Aprili akaanza kulalamika kwamba kuku wanapiga kelele za kutaga mchana kutwa na mayai hayaonekani. Akaamua ni kenge. Alinunua mtego wa chuma, akauweka chini ya banda, na kila jioni akamweleza kila mpita njia mbinu za kenge wa pwani, ambaye kwa maneno yake ni mwerevu kupita wa kwetu. Mtego haukunasa chochote kwa majuma sita. Jumapili iliyopita ulinasa kiatu chake cha kanisani, na kwa rehema za Mungu hakikuwa na mguu ndani.

Kuanzia hapa, Mama, naomba uisome barua peke yako. Kama jirani amekaa nawe, ikunje kwanza.

Mwezi wa Februari nilimsindikiza Jovina hospitali. Muuguzi alimfunua kope akatazama, akasema damu yake ni chache mno na kwamba huenda ndiyo iliyomponza mara mbili. Akamwagiza ale nyama, mboga za majani, na yai kila siku. Jovina aliitikia ndiyo, ndiyo. Njiani alitangulia mbele yangu kwa haraka. Sikumwuliza kama atakula, kwa sababu wote wawili tulijua mwanamke wa kwetu hali kuku wala yai, na kwamba ulimwonya juu ya hilo siku alipoingia nyumbani kwako. Ulimwambia anayekula mayai hufunga tumbo lake mwenyewe. Kuku walipoanza kutaga alimkaangia mumewe kila asubuhi, na mayai yaliyozidi akayapeleka dukani kwa mwana wa Bi Wahiba. Bi Wahiba alimwuliza ana wazimu gani kuuza dawa akiwa mgonjwa. Jovina alicheka tu.

Kisha asubuhi moja ya Machi, Kaka amekwisha toka, niliingia jikoni nikamkuta amelishika kaango, anakwangua mabaki ya yai kwa kidole na kukilamba. Alikuwa amenipa mgongo. Alipogeuka kaango lilimponyoka. Alipiga magoti, Mama, mbele yangu mimi niliye mdogo kwake, akaniambia, “Wifi, usimwandikie Mama. Nilinusa tu, mkono ukaenda wenyewe.”

Nimejitazama sana tangu siku ile, nisije nikajidanganya kuhusu sababu zangu. Sikufanya kwa ubishi, wala kwa kiburi cha shule. Nilifanya kwa sababu sikuweza kuvumilia kuona mtu anakufa njaa ya kitu anachokipika kila siku. Nilimwinua, nikaenda kwenye vidirisha vyangu, nikatoa mayai mawili, nikayachemsha. La kwanza nilikula mimi. Nilimwambia kama kuna adhabu na ianzie kwangu, ambaye tumbo langu halina mtu. Tulikaa tukingoja. Kilichonipata ni kiu na kutamani chumvi. Ndipo naye akala, taratibu, amefumba macho, machozi yakimshuka hadi kidevuni, na alipomaliza aliniuliza kama lipo lingine.

Tangu siku hiyo anakula kila siku. Uliponituma huku na kuku wale, ulisema ni kwa ajili ya nguvu za mwanao. Nami nakiri kwamba nimezipeleka kwingine kwa mikono yangu, na kwamba nilikuandikia barua mbili nikakusimulia hali ya hewa.

Kaka hakujua hadi Jumapili iliyopita. Alipokitoa kiatu mtegoni aliapa atalala uani na panga. Jovina alianza kucheka, kisha kicheko kikageuka kilio, akasema, “Kenge ni mimi, Gaspar. Usimtafute mwingine.” Nami nikasema kenge tuko wawili. Kaka alikaa juu ya ngazi ya banda na kiatu mkononi. Aliuliza tangu lini. Nilimwambia tangu Machi. Alihesabu miezi kwa vidole, akarudia, akamtazama Jovina tumboni kama mtu anayeona mlima asubuhi ukungu ukiondoka. Kisha akauinua mtego akautupa nyuma ya choo. Kesho yake asubuhi alilikata yai lake katikati kwa kisu, akaisogeza nusu upande wa mkewe, akaondoka bila kuaga. Jioni aliniambia, “Mama mwandikie wewe. Mie nikishika kalamu nitaandika habari za mvua.”

Hili basi ndilo jibu la swali lako la pili. Mwezi wa sita umepita, Mama. Na wa saba umepita. Mtoto yupo, anacheza, leo asubuhi alimpiga mama yake teke kanisani wakati wa mahubiri. Muuguzi amemfunua kope tena akasema damu imerudi. Miguu haimvimbi. Siwezi kukuapia juu ya kesho, maana kesho si yangu, lakini mahali alipofika hajawahi kufika.

Sasa anaogopa jambo moja tu, na si uchungu wa kuzaa. Anaogopa siku utakayoshuka stesheni. Amenisihi kwamba tangu utakapopanda meli mwishoni mwa Julai, tuache, au ale gizani nyuma ya banda. Nimemkatalia. Nimemwambia ameficha vya kutosha. Ukija, utamkuta mezani anakula yai mchana, nami kando yake. Kama jicho lako halitavumilia, nitakuandalia chakula chako barazani na nitakaa nawe, sitanuna, nitakuogesha miguu kama kawaida. Lakini kuficha hatutaficha, na mimi ndiye niliyeamua, si yeye.

Mama, mimi sikuombi ubadilishe ulichofunzwa na mama yako. Naomba kitu kidogo kuliko hicho. Ukijibu barua hii, usiniandikie mimi, wala Kaka. Juu ya bahasha andika jina la Jovina. Ana miaka mitano katika nyumba yetu na hajawahi kupokea barua yako. Hata ukimgombeza humo ndani, mgombeze kama mama anayemwandikia binti yake. Ataisoma mwenyewe, anajua kusoma vizuri.

Msalimie Baba, mwambie tumbaku aliyoitaka nimeipata. Wasalimie Kokuberwa na watoto wake, na Ba’ Albano wa ng’ambo ya mto. Kaka anakusalimu. Jovina anakusalimu mara nyingi, amekaa hapa kwenye mkeka anachambua mchele, na hajui nimeandika nini, ila ameniuliza mara tatu kama nimemaliza.

Mungu akutunze hadi tutakapoonana.

Mwanao akupendaye,

Genoveva Kokushubila