Kinganga Chako Bado Kimesimama Uani

Somoe, shoga yangu,

Mama yako anasema nikitaka kuongea na wewe niende makaburini nikakuombee kwa namna yangu ya Kikristo, Mungu ni yuleyule, ataelewa. Nimejaribu. Nikifika pale nikafungua mdomo, nalia kama mtoto aliyenyang'anywa andazi, narudi nyumbani sijasema kitu. Kwa hiyo nimekaa barazani kwetu Magomeni ya Mtwara, baba yuko kazini bandarini, na ninakuandikia. Nina habari za mtihani wetu. Nitazieleza kwa mpangilio, na tafadhali usirukie mwisho kama ulivyokuwa ukifanya na kila kitabu nilichokuazima.

Ulipofariki tulikuwa tumebakiza onyesho la mwisho tu. Watu wengi mpaka leo hawajaelewa tulikuwa tunasomea nini. Baba akiwaambia wenzake bandarini kwamba binti yake anapiga fidla mpaka shahada ya pili, wanampa pole. Wewe ndiye uliyekuwa na jibu zuri: wengine wanatafiti kwa kuuliza watu maswali, sisi tunatafiti kwa kupiga, halafu tunasikiliza tumepiga nini, halafu tunapiga tena. Huo ndio utafiti wa kisanaa, na mimi sijapata maelezo mengine yanayonitosha.

Siku ya kwanza pale chuoni Dar es Salaam uliingia ukumbini na kinganga chako kwapani, kile kingoma chembamba chenye mguu uliochongoka, ukazunguka jukwaa zima ukitafuta pa kukichomeka. Vigae vitupu. Darasa zima lilicheka, na mimi niliyetoka mkoa mmoja na wewe nilicheka kuliko wote. Ukatoka, ukarudi na ndoo ya udongo wa bustani, ukakichomeka humo, ukapiga. Sauti ikatoka butu, kama mtu anayegonga godoro. Ungekuwa mimi ungeona aibu. Wewe ulifurahi, ukaniuliza, "Kumbe na ardhi nayo inapiga?"

Kazi yetu ilizaliwa pale. Likizo iliyofuata tulijaza ndoo mchanga wa pwani ya Msimbati, na kondakta wa basi aking'ang'ania kwamba mtu mwenye akili zake hawezi kusafirisha mchanga kutoka Mtwara, lazima kuna kitu ndani. Akaupekua kwa mkono hadi kwenye kitako cha ndoo, nawe ukimshikia kofia yake kwa heshima zote. Baadaye tukaona ni ujinga kubeba ardhi, tukaanza kuifuata. Tulipiga kwenye mchanga mkavu na mchanga mbichi, kwenye udongo mwekundu wa shamba lenu la mihogo, kwenye tope la karibu na mdomo wa Ruvuma ambako ndala zako zilibaki na hazikuonekana tena. Fidla yangu juu, kinganga chako chini. Na kila mahali tuligombana kwa jambo lilelile: ulikuwa unachelewa kuingia. Naanza, nafika pale unapotakiwa, kimya. Nakukazia macho. Ndipo unapiga, huku unatabasamu.

Halafu seli mundu, ile uliyozaliwa nayo na uliyokuwa ukiiita mpangaji msumbufu, ikakupeleka hospitali asubuhi ya mvua na haikukurudisha.

Msimamizi wetu alikuja mpaka kijijini kwenu Madimba kwenye msiba. Ndiyo, yeye mwenyewe, Bwana Kipimo, jina ulilombatiza kwa sababu ya kugonga kalamu mezani tunapopiga. Alikulilia, Somoe, usimchukie. Lakini tuliporudi chuoni alinieleza kwa upole kwamba shahada ni ya mtu mmoja, kwa hiyo niiandike upya kazi kama yangu, nipige peke yangu, au nipige na rekodi zako zikicheza kwenye spika. Wewe ungewekwa kwenye ukurasa wa shukrani. Nilijiona nimeshahitimu kwa kazi yetu, na jina lako liko pale katikati ya wazazi wangu na wafanyakazi wa maktaba. Nikaapa haitakuwa hivyo, ila sikujua itakuwaje.

Nilijaribu ile rekodi. Sitakuficha. Nilijifungia chumba cha mazoezi, nikaweka ile uliyojirekodi Msimbati siku niliyobaki nyumbani na homa, nikainua upinde. Tukapishana. Nikarudia, tukapishana tena, palepale ninapohamia uzi wa chini. Mimi bado niko njiani, wewe umeshapita. Nilifikiri mashine imeharibika. Nilirudia mpaka nikaelewa, nikakaa sakafuni. Ukiwa peke yako hukuwa unachelewa hata kidogo. Mkono wangu ndio unaogopa pale, unavuta upinde polepole, na wewe ulikuwa unanyamaza mpaka nifike, ndipo unaingia. Ulikuwa unanisubiri. Ningekuwa na wewe ningekupiga kwa mto, nikakukumbatia, nikakupiga tena. Kwa nini hukusema?

Rekodi nikaiacha. Haikuwa na namna ya kunisubiri.

Nikaenda Madimba kumwomba mama yako kinganga. Nilikikuta uani palepale ulipokichomeka kabla ya kwenda hospitali. Alikuwa amekifunika kwa lile beseni la bluu masika yote, na chini kwenye mguu amekizungushia majivu mchwa wasikifikie. Nilijua jibu kabla sijauliza, maana desturi ya nyumba yenu naifahamu: mkono uliochomeka ndio unaochomoa. Si nilikuwepo siku ile uliyoshuka kwenye bodaboda na kurudi mbio kukichomoa mwenyewe, kaka yako akiwa ameshakishika? Mama yako akaniambia bila ukali, "Kakichomeka Somoe. Ntu mwingine hakichomoi." Akaniletea chai na mihogo ya kuchemsha, tukala tukikitazama.

Njiani kurudi mjini, nyuma ya bodaboda, vumbi mdomoni, nikapata akili. Kama kinganga hakiendi kwenye mtihani, mtihani uende kwenye kinganga. Swali letu si ni ardhi? Basi watahini waje waikanyage. Nilimpigia Bwana Kipimo simu palepale, kabla sijaogopa. Akaniuliza kuhusu umeme, jukwaa, kelele, mvua. Nikamwambia hakuna jukwaa, na kelele zipo. Nikasikia kalamu yake inagonga. Akasema atauliza, ila nisitarajie mengi. Walimzungusha sana pale chuoni, naye akazunguka. Mwisho wakakubali.

Sasa ilibaki mpigaji. Nilimwomba mama yako, kwani nani mwingine? Yeye ndiye aliyekufundisha, na anayepiga kwenye unyago hapo kijijini. Alikataa. Alisema mikono yake imekufa na wewe. Sikumsumbua. Nilikaa kwenu, nikawa nafanya mazoezi uani kila jioni, na pale ninapohamia uzi wa chini nikawa nakosea tu, nakosea. Jioni moja akatoka jikoni na mikono ya unga, akaondoa beseni, akapiga pigo moja kunisahihisha. Tukaangaliana. Akarudi jikoni kulia, lakini kesho yake alitoka tena.

Watahini walikuja mikorosho ikiwa inachanua, uani kote kunanukia utamu. Tuliazima viti vya madrasa. Unajua kinganga lazima kipashwe moto ngozi ikaze, na hiki hakiwezi kubebwa kwenda jikoni, kwa hiyo moto ndio uliobebwa: mama yako alileta makaa kwenye kigae cha chungu, akakaa anakizungushia taratibu, kama anamkanda mtoto. Gari la kiwanda cha gesi likapita na honi yake. Watahini wakasubiri vumbi litue. Nikainua upinde.

Nikafika pale anapotakiwa kuingia. Kimya.

Somoe, mama yako naye anachelewa! Nilimwona Bwana Kipimo ameinua kalamu, na mimi ile hasira yangu ya zamani ikapanda, halafu ikageuka kicheko nikakimeza. Nikatuliza mkono. Sikuogopa ule uzi, niliufikia kwa raha zangu, na nilipofika tu, akapiga.

Sauti ile hatukuwahi kuipata popote, si Msimbati wala kwenye tope. Ule mguu wa mti ulikuwa umekunywa masika yote ya kwenu. Ilitoka chini, nzito, nikaisikia kwenye nyayo kabla ya masikio. Bwana Kipimo aliweka kalamu mfukoni, akainama, akagusa udongo kwa kiganja, na akabaki hivyo mpaka tulipomaliza, tai inaburuzika. Mama yako akapapasa mguu wa kinganga, akasema, "Kimeota mizizi."

Watahini waliniuliza mtafiti ni nani hapa. Nikawaambia mmoja ni mimi niliye mbele yenu na mwingine ndiye aliyekichomeka, na kama asingekichomeka msingesikia mlichosikia. Wakajitenga, wakarudi. Tumefaulu. Shahada wamenipa mimi peke yangu, hilo sikuweza kulibadilisha na bado linaniuma. Ila kazi ina majina mawili, na la kwanza ni lako. Walitaka waanze na langu, Edina, kwa sababu ya alfabeti. Nikawaambia alfabeti itasubiri.

Nimepata kazi ya kufundisha muziki hapa mjini. Nitawaeleza wanafunzi habari za ndoo, na za kondakta, na za ndala zako. Nakumiss, shoga. Hasa jioni, nikipiga jambo zuri na kugeuka kuona kama umesikia.

Lala salama, mpenzi wangu. Kinganga hakuna atakayekichomoa, mimi na mama yako tumekubaliana hivyo, na zamu ya majivu naijua. Na kila mikorosho ikichanua nitakuja na fidla, nitakaa uani kwenu na kuanza ule wimbo wetu. Nikifika pale pako nitanyamaza. Usiharakishe. Safari hii mimi ndiye nitakayekusubiri.

Wako,
Edina